Gesi isiyoungua ndiyo inayotuumiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie makala mliyoichapa wiki mbili zilizopita kuhusu magari yanayotumia gesi asilia. Makala ilikuwa nzuri. Mwandishi alifika mpaka kwenye foleni za vituo, akaongea na wenye bajaji na wenye daladala, na bei alizoziandika ndizo tunazolipa. Ila kuna sentensi moja, aya ya tatu kutoka mwisho, ambayo imenikaa kooni tangu siku ile: kwamba gesi asilia haina madhara yoyote kwa mazingira. Si kweli. Nasema hivyo nikiwa mtu ambaye gari lake linakula gesi kila siku ya Mungu, na ambaye hana mpango wa kurudi kwenye petroli.

Mimi ni dereva teksi, kijiwe changu kiko Tabata. Gari ni IST, nimelifunga mfumo wa gesi mwaka wa tatu sasa. Mtungi umelala kwenye buti, wa lita 60, ukijaa vizuri unachukua kilo 10. Kilo moja najaza kwa shilingi 1,550, kwa hiyo kwa shilingi 15,500 natembea mwendo ambao zamani ulinitaka lita 15 za petroli, yaani zaidi ya shilingi 40,000. Tofauti hiyo ndiyo iliyomlipia binti yangu ada ya kidato cha tano. Mtu asinisome vibaya akadhani naipiga vita gesi.

Tena gesi hii naijua tangu haijafika mjini. Kwetu ni Somanga, wilaya ya Kilwa, pale bomba kutoka kisiwa cha Songo Songo linapotoka baharini. Wazee wanasema wachimbaji waliikuta gesi kisiwani mwaka 1974, ikakaa chini huko miaka 30 bila kazi. Mwaka 2003 nilikuwa kijana, nikapata kibarua cha kuchimba mtaro wa bomba la kuelekea Dar es Salaam. Kazi ya jembe na sururu, jua la Kilwa mnalijua. Jambo lililonishangaza siku zile lilikuwa subira ya wale waunga vyuma. Wakishaunganisha vipande viwili vya bomba, hawaendelei. Anakuja mtu na mashine, anakipiga kile kiungo picha kama anavyopigwa mgonjwa eksirei, na picha ikionyesha tundu dogo tu, kiungo kinakatwa na kuunganishwa upya. Mwisho bomba likajazwa maji kwa presha kubwa kuona kama litatokwa na jasho mahali. Sisi vibarua tulikuwa tunanung'unika kwamba kazi inacheleweshwa. Mwaka 2004 gesi ikafika Ubungo, ikaanza kuzalisha umeme, na viwanda vikaanza kuitumia badala ya mafuta mazito.

Nimeanza na habari ya viungo kwa sababu maana ya barua hii imo humo.

Mwaka jana, baada ya masika, niliona jambo kwenye swichi ya gesi iliyo karibu na usukani. Swichi ile ina taa nne za kijani zinazoonyesha kiasi kilichobaki. Naegesha usiku taa zote nne zinawaka, alfajiri nikiwasha gari naona tatu. Mara ya kwanza nikasema ni baridi ya usiku. Mara ya pili nikalaumu kituo, kwamba walinijazia pungufu. Wiki ya pili nikaanza kuandika kwenye daftari: nimejaza kilo ngapi, nimetembea kilomita ngapi. Hesabu ikawa inakataa kila siku. Kama nusu kilo ilikuwa inapotea kila usiku gari likiwa limesimama.

Nikarudi kwa fundi aliyenifungia mfumo. Akafungua buti, akainusa, akaniambia hakuna kitu. Nikaenda tena baada ya siku kumi, akaniambia ni geji inadanganya. Sitataja gereji yake, maana nia yangu si kumharibia mtu riziki, na nimeshajua hayuko peke yake. Aliyenisaidia ni mzee mmoja anayetengeneza majokofu jirani na nyumbani. Hakutumia mashine. Alikoroga sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kikombe cha maji, akachukua brashi ya rangi, akapaka kila nati, kuanzia shingo ya mtungi, akafuata bomba jembamba linalopita chini ya gari mpaka mbele kwenye regyuleta, kile kifaa kinachopunguza presha ya gesi kabla haijaingia kwenye injini. Tulipofika kwenye kiungo cha mwisho kabla ya regyuleta, povu likaanza kuvimba. Taratibu, kipovu kimoja, kinapasuka, kinakuja kingine. Mzee akakaza nati robo mzunguko kwa spana. Povu likatulia.

Robo mzunguko, Mhariri. Siku arobaini nilizungushwa kwa robo mzunguko wa spana. Na siku zote hizo gari lilikuwa linalala uani, hatua sita kutoka mahali mke wangu anapowashia jiko la mkaa.

Hasara ya fedha niliipiga upesi: nusu kilo mara siku 40 ni kilo 20, shilingi 31,000. Nikaona imekwisha hiyo. Binti yangu ndiye aliyenionyesha kwamba haijaisha. Anasoma kemia, akachukua daftari langu lile la kilomita akaandika upande wa pili.

Akaniambia, baba, gesi yako karibu yote ni methani, na gesi ya Songo Songo ni zaidi ya asilimia 95 methani. Methani ikiungua ndani ya injini inageuka mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi, ile hewa ya ukaa. Kila kilo 16 za methani zinatoa kilo 44 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo kilo zako 20, kama zingeungua, zingetoa kilo 55. Lakini hazikuungua. Zimepanda juu zikiwa methani vilevile, na methani inashika joto la dunia kuliko hewa ya ukaa. Wanasayansi wakipima kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani ni sawa na kilo 28 hivi za hewa ya ukaa. Ishirini mara 28 ni 560.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Gesi ileile, kilo zilezile: ikiungua 55, ikivuja 560.

Kisha akaniuliza lita moja ya petroli ikiungua inatoa kiasi gani. Sikujua. Ni kilo 2.3 hivi. Gawanya 560 kwa hiyo, unapata lita 243. Yaani kwa dunia yetu hii, kiungo kilicholegea kwenye gari lililosimama uani kilikuwa sawa na mimi kuchoma lita 243 za petroli ambazo sikuzinunua na hazikumpeleka abiria yeyote popote. Kwa mwendo wangu ni siku 16 nzima barabarani.

Hapo sikulala vizuri, nakwambia kweli. Kesho yake nikamwomba anifanyie hesabu nyingine, ambayo ndiyo ningependa mwandishi wenu aione. Mtungi mmoja wa kilo 10 ukiungua wote unatoa kilo 27.5 za hewa ya ukaa. Petroli ya mwendo huohuo, lita 15, inatoa kilo 34.5. Tofauti ni kilo saba, tukihesabu kinachotoka kwenye ekzosi peke yake. Hizo kilo saba ndiyo faida yote ya hali ya hewa ninayoileta mimi kwa kuacha petroli, kila nikijaza mtungi. Sasa ni methani kiasi gani ikivuja itazifuta hizo kilo saba? Robo kilo. Gramu 250 kati ya kilo 10. Sukari ya robo mnaijua ilivyo ndogo mkononi.

Na hiyo ni kwa kipimo cha miaka 100. Methani haikai angani muda mrefu, kwa wastani miaka 12 hivi inakuwa imevunjika, lakini muda ule inaokuwepo inafanya kazi yake kwa nguvu. Ukipima kwa miaka 20 tu, yaani umri wa mtoto aliyezaliwa leo mpaka atakapokuwa mtu mzima, kilo moja ni zaidi ya kilo 80 za hewa ya ukaa. Kwa kipimo hicho faida yangu inafutwa na gramu zisizofika 90.

Binti akaniambia pia jambo lililonipa moyo, nalo sikuliona kwenye makala yenu. Kwa kuwa methani haikai sana, tukiacha kuivujisha leo, hewa inaanza kupata nafuu ndani ya maisha yetu sisi wenyewe. Hewa ya ukaa si hivyo, ile ikishapanda inakaa vizazi. Kabla ya zama za viwanda methani angani ilikuwa kama sehemu 700 katika kila sehemu bilioni za hewa, sasa imepita 1,900, na karibu theluthi ya joto lililoongezeka duniani linahesabiwa kuwa ni lake. Katika ile tunayoisababisha sisi binadamu, nyingi inatoka kwa ng'ombe na mashamba ya mpunga, nyingine kwenye madampo, nyingine kwenye migodi ya makaa ya mawe na visima vya mafuta na gesi. Ng'ombe huwezi kumkaza nati. Kiungo cha bomba unaweza.

Kuhusu madampo, sisi wa Tabata tunayajua, mtaa mmoja kwetu hapa mpaka leo unaitwa Dampo. Kule Mtoni walitia mabomba ndani ya taka kukusanya gesi na kuichoma moto. Zamani nilikuwa nikisikia kwamba gesi inachomwa tu hewani nasema ni ufujaji. Sasa naelewa kwamba kuichoma, hata bila kupikia wala kuwasha taa, ni afadhali mara kumi kuliko kuiacha ipande ilivyo.

Naona pia watu wengi wanachanganya gesi mbili, na magazeti yanasaidia kuchanganya. Mama yangu Somanga aliwahi kuniuliza kwa uchungu: bomba limepita nyuma ya nyumba yangu, mbona mtungi wa gesi ya kupikia nauletewa kwa pikipiki na bei yake iko juu hivi? Akaamini kwamba gesi ya Kilwa inakwenda Dar es Salaam inatiwa kwenye mitungi na kurudishwa kuuzwa kwake. Sivyo. Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje. Ya kwetu ya Songo Songo na ya Mnazi Bay kule Mtwara ni methani, haigeuki kimiminika kwa presha ya mtungi wa jikoni, ndiyo maana inasafirishwa kwa bomba au inashindiliwa kwa presha kubwa sana kama ya kwenye buti langu. Tofauti hii ina maana kwa usalama wa watu. Gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Methani ni nyepesi, inapanda na kukusanyika chini ya dari. Na hiyo harufu kali ya gesi ya jikoni imetiwa kiwandani makusudi ili tushtuke. Methani yenyewe haina harufu wala rangi. Yule fundi aliyeinusa buti alikuwa anatafuta kitu ambacho pua peke yake inaweza isikione.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Mama yangu amepikia kuni tangu akiwa mwali, macho yake yamekwisha kwa moshi. Nikisikia mtu kutoka nchi ambayo imechoma makaa ya mawe miaka 200 akituambia tuiache gesi yetu chini, napata hasira. Taifa lina akiba ya gesi inayotajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa iko chini ya bahari kuu, na mazungumzo ya mradi mkubwa wa Lindi wa kuipoza gesi iwe kimiminika yamekuwa yakiendelea kwa miaka. Kwa umeme wa kiasi kilekile, gesi ikiungua inatoa karibu nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa ya mawe. Itumike. Lakini ile nusu tunayojivunia ni ya gesi iliyoungua. Haizihusu kilo zilizotoroka njiani.

Na zinaweza kutoroka mahali popote: kisimani, kwenye mtambo wa kusafishia, kwenye bomba, kituoni, kwenye gari. Hata mataifa yenye mashine za kila aina yamepatwa. Oktoba mwaka 2015 kisima cha kuhifadhia gesi kilipasuka kule Aliso Canyon, karibu na Los Angeles nchini Marekani, kikavuja mpaka Februari mwaka uliofuata. Zikatoka karibu tani 100,000 za methani, maelfu ya watu wakahamishwa majumbani. Mwaka uleule wa 2015 ndipo sisi tulipozindua bomba letu kubwa la kutoka Mtwara, la inchi 36. Bomba letu ni la chuma, bado changa, na kwa vile nimeona kwa macho yangu jinsi viungo vya lile la kwanza vilivyopimwa, sina hofu nalo sana. Hofu yangu iko mwisho wa mnyororo, huku kwetu, ambako kiungo kinakazwa kwa mkono na mtu anayewahi gari la pili.

Pale vituoni nimekaa foleni hata masaa matatu kwa siku, kwa hiyo nina muda wa kutazama. Kila gari likimaliza kujazwa, mhudumu anachomoa bomba na gesi iliyobaki ndani yake inatoka kwa kishindo, psshh. Ni kidogo. Lakini gari moja baada ya jingine, mchana kutwa na usiku kucha, na kila mwezi magari yanaongezeka. Kuna kituo kimoja ambacho bomba la kujazia lilikuwa linapiga mluzi wiki nzima, sisi madereva tukalizoea kama tunavyozoea chura wa masika. Hakuna aliyesema kitu. Mimi mwenyewe sikusema. Wakati ule nilikuwa sijajua.

Niligusie na hili, ingawa si rahisi kwangu. Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, mvua ilikata barabara ya Lindi pale pale kwetu Somanga. Mabasi yalilala njiani kwa siku kadhaa. Nilikuwa nampelekea mama dawa ya presha, nikakwama upande wa huku, nikawa naongea naye kwa simu mpaka simu yake ikaisha chaji. Sisemi kimbunga kile kililetwa na kiungo cha gari langu, wala simwambii mtu yeyote hivyo. Najua tu kwamba bahari yenye joto ndiyo inayolisha vimbunga, na joto hilo lina sababu zake, na moja ya sababu hizo ilikuwa inatoa povu chini ya boneti yangu.

Sasa maombi yangu, Mhariri. Gazeti lenu lina waandishi wanaoweza kufika tusikofika. Waulizeni EWURA, wanaosimamia huduma za nishati na maji, na PURA, wanaosimamia utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi: methani inayovuja kwenye mnyororo mzima wa gesi, kutoka kisimani mpaka kituoni, inapimwa kwa njia gani, na ni asilimia ngapi? Jibu liandikwe ukurasa wa mbele kama mnavyoandika bei za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mfumo wa gesi wa gari ukaguliwe kila mwaka na mtu mwenye kifaa, na cheti kibandikwe kwenye kioo. Gereji isiruhusiwe kukabidhi gari kabla ya kupaka povu kila kiungo mbele ya mwenye gari. Ndoo ya maji na sabuni haimshindi fundi yeyote nchini. Na kwenye makala zenu zijazo andikeni kwamba gesi inachafua pungufu ikiwa haivuji. Ni maneno machache yanayozidi, nafasi ipo.

Wakati tunasubiri majibu, pale kijiweni tumekubaliana. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kwenye foleni, kikombe cha sabuni kinazunguka gari kwa gari na brashi ileile ya yule mzee. Jumapili ya kwanza tulikuwa magari saba. Mawili yalitoa povu. Moja lilikuwa la kijana aliyefunga mfumo wiki tatu tu nyuma, na alikuwa ameegesha na abiria ndani.

Msomaji wenu,
Dereva teksi, Tabata,
Dar es Salaam